Fungate ya siku saba, Mtwara hadi Kilwa: panga safari kwa maji ya bahari

Maharusi wa Mtwara na Lindi wakiulizwa fungate wanaenda wapi, wengi hujibu Zanzibar. Kisha hupanda basi alfajiri, wakapita Mikindani, wakapita Lindi, wakapita njiapanda ya Nangurukuru, na wanapofika Dar es Salaam wameshaviacha nyuma vitu ambavyo wageni hukata tiketi za ndege kuja kuvitazama. Zanzibar ni nzuri, hatubishani. Lakini mtu wa kusini aliyeoa au kuolewa bila kulala Msimbati wala kukanyaga Kilwa Kisiwani ana deni kwa kwao.

Fungate ni saba kwa Kiswahili cha zamani, yaani zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Siku saba zinatosha kabisa kutoka Mtwara mjini hadi Kilwa bila kukimbizana. Safari hii ikiharibika, mara nyingi si kwa sababu ya fedha wala hoteli. Watu hupanga kwa kalenda ya ukutani, wakafika ufukweni maji yamekwenda nusu kilomita, au wakafika Kilwa saa ambayo mashua imekaa kwenye tope. Kwa hiyo tuanze na mwezi.

Hesabuni mwezi kabla ya kulipia chumba

Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini huzidi mita 3. Katikati yake, mnamo tarehe 7 hadi 8 na 21 hadi 22 za mwezi mwandamo, huwa maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na mikondo hupoa.

Jambo linalosaidia zaidi ni hili: kwenye mwambao wetu saa za bamvua hazibadiliki mwaka mzima. Bamvua ikiingia, maji hupwa mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Maji mafu yakifika, mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri.

Anzeni fungate tarehe 14 ya mwezi mwandamo. Siku tatu za kwanza mtapata asubuhi za kutembea kwenye miamba iliyo wazi, alasiri za kuogelea maji yakiwa yamejaa mpaka mchangani, na usiku wenye mbalamwezi. Siku ya nne na ya tano, saa za maji zinapoanza kuwa za ovyo kwa kuogelea, mnakuwa barabarani. Siku ya sita, tarehe 19, maji hujaa mnamo saa mbili asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kuvukia kwenda Kilwa Kisiwani. Mkigeuza njia mkaanza Kilwa, mpango wote unavurugika.

Hizi ni saa za kukadiria. Upepo mkali huweza kusogeza maji, na kuandama kwa mwezi hutofautiana kwa siku moja. Jioni ya kwanza muulizeni mvuvi yeyote, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Atawajibu bila kutazama karatasi.

Msimu

Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwezi wa Aprili msiutumie kwa safari hii. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam imewahi kukatika eneo la Somanga kwa mvua, ikiwamo Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya, na magari yakalala njiani. Juni hadi Agosti ni kavu na jioni zina ubaridi mzuri, lakini kusi huvuma, bahari inachafuka mchana na mashua zinarusha maji. Asiyezoea bahari atatapika.

Miezi bora ni Septemba mwishoni, Oktoba na mwanzo wa Novemba. Kusi imechoka, kaskazi haijaingia, mvua bado, na mabibo yananukia mashambani. Tahadhari ni moja: huo ndio pia msimu wa minada ya korosho. Wanunuzi na madereva wa malori hujaza gesti za Mtwara, Masasi na Newala, na harusi nazo huongezeka kwa sababu wakulima wana fedha. Wekeni nafasi ya chumba mapema, wiki tatu kabla, mlipe kianzio na mtunze ujumbe wa malipo.

Ramadhani inawezekana, lakini mjue kwamba Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje ni miji ya Waislamu wengi na migahawa mingi hufunga mchana. Wasiofunga wabebe chakula na wale chumbani.

Kuaga

Msiruke hatua hii mkidhani ni mambo ya kizamani. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba wa bibi harusi ana sauti kuliko mnavyoandika kwenye kadi ya mwaliko. Bwana harusi akimchukua mke siku ya pili bila kumwona mjomba, maneno yatawafuata mpaka mtoto wa kwanza. Nendeni wote wawili, kwa miguu ikiwezekana, mkiwa na kitu kidogo mkononi: kilo mbili za sukari na majani ya chai vinatosha. Semeni, "Shikamoo mjomba, tumekuja kuaga, tunatoka siku saba, tutarudi siku fulani." Siku ya kurudi itajwe. Asiyetaja siku ya kurudi huonekana amehama.

Kama somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, anataka siku za ndani zitimie, msishindane naye. Mkubaliane siku tatu za ndani nyumbani kisha mwondoke, na mhesabu kuanzia hapo ili mwanzo wa safari uangukie tarehe 14. Harusi ya tarehe 10 au 11 ya mwezi mwandamo inaingia sawasawa kwenye hesabu hii.

Mzigo

Begi moja kila mtu. Muhimu ni kanga tatu za bibi harusi (moja ya kuogea, moja ya kujitanda, moja akiba), kikoi cha bwana harusi, viatu vya raba vya kuingia navyo baharini, tochi, kwa kuwa umeme hukatika, na dawa ya kupaka dhidi ya mbu. Malaria ipo mwaka mzima huku kwetu. Kabla ya kulipia chumba, kitandikeni chandarua mkikague kwa mwanga. Chenye tundu la kupita kidole kibadilishwe.

Bebeni vitambulisho vya NIDA na nakala ya cheti cha ndoa. Wilaya za mpakani kuna vizuizi vya ukaguzi, na mhudumu wa mapokezi anayewauliza nyinyi ni nani kwa kila mmoja hujibiwa kwa karatasi, hasira hazihitajiki.

Siku ya kwanza na ya pili: Mtwara na Mikindani

Siku ya kwanza msifanye mengi, mmechoka na ngoma. Lalani Shangani au Mikindani. Saa kumi alasiri maji yamejaa, ogeleeni hapo. Shangani asubuhi ya bamvua maji hukimbia mbali na huacha mawe na majani ya bahari. Vaeni raba, kwani kwenye mawe kuna wanyama wenye miiba myeusi mirefu ambayo huvunjikia ndani ya nyayo. Mwiba ukiingia msiuchokonoe kwa pini. Lowekeni mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, kisha mwende zahanati kama umeingia ndani sana.

Mikindani iko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, bajaji au daladala inatosha. Huu ndio mji mkongwe. Mtwara yenyewe ilikua baadaye, bandari ilipojengwa. Tembeeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali. Tazameni milango ya kuchonga, nyumba za mawe na ghuba. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1895, likaachwa, kisha likakarabatiwa na sasa ni hoteli; hata msiolala humo mnaweza kunywa chai na kuomba kupanda juu kutazama ghuba. David Livingstone aliondokea Mikindani mwaka 1866 kwenda safari ambayo hakurudi. Lakini msiondoke mkimjua yeye peke yake: mji huu ulikuwa wa biashara karne nyingi kabla yake, na sehemu ya biashara hiyo ilikuwa watumwa waliotembezwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wazee wa mji wanaeleza vizuri wakisalimiwa vizuri.

Mavazi: ufukwe wa hoteli una ruhusa yake, mji una yake. Mkitoka mchangani kuingia mtaani, bibi harusi ajitande kanga na bwana harusi avae shati. Mkifanya hivyo mtakaribishwa hata mahali ambapo hamkutarajia.

Asubuhi ya siku ya pili vukeni Msangamkuu kwa pantoni kutoka Mtwara. Ni safari fupi, na upande wa pili una mchanga mweupe na minazi. Ulizeni saa ya pantoni ya mwisho kabla ya kuvuka, na mkirudi msisubiri hiyo ya mwisho.

Siku ya tatu: Msimbati

Hapa ndipo penye kilele cha safari, na ndipo penye makosa mengi.

Msimbati iko kilomita 40 na kitu kusini-mashariki ya Mtwara mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu au benki. Fanyeni malipo mkiwa bado Mtwara mjini au mahali penye mtandao mzuri, mchukue na picha ya risiti.

Njiani mtapita Madimba penye mitambo ya gesi. Msipige picha mitambo wala walinzi.

Kipande cha mwisho ni mchanga. Gari dogo hukwama, na hukwama kwa sababu dereva anakanyaga mafuta: matairi yanajichimbia, tumbo la gari linakaa chini. Gari la kukodi liwe la kuendesha magurudumu manne. Kabla ya kuingia mchangani punguzeni upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 18 hivi. Tairi hutanuka na kutembea juu ya mchanga. Nendeni kwa gia ndogo, mwendo mmoja, bila kusimama na bila kukata kona kwa ghafla. Likikwama, msizungushe tairi. Toeni mchanga mbele ya magurudumu yote manne kwa koleo, tandikeni makuti au magunia, kisha mtoke taratibu. Hakikisheni dereva ana pampu, maana kurudi kwenye barabara ngumu na upepo wa 18 kunaunguza matairi. Na gari lisiegeshwe ufukweni kwenye mchanga uliolowa: siku za bamvua maji ya saa kumi na moja jioni yatalifikia.

Wanaokwenda kwa bodaboda kutoka Mtwara wapatane na dereva kwenda na kurudi, na siku ya kurudi itajwe, kwa sababu jioni usafiri wa kurudi ni wa bahati.

Mahali pa kulala ni pachache. Pigeni simu siku moja kabla, muulize mambo matatu: maji ya kuoga ni ya chumvi au baridi, umeme ni wa saa ngapi, na chakula kinapikwa au mnabeba. Bebeni maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa siku.

Saa nne asubuhi miamba iko wazi. Tembeeni na mwenyeji, si peke yenu, kwa kuwa maji yanaporudi hujaza kwanza vijito nyuma yenu. Burutisheni miguu kwenye mchanga wenye maji badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia, mwenye mwiba wa sumu mkiani, ashtuke akimbie asiwachome. Akimchoma mtu, maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 30 hadi 90 hupunguza sumu na maumivu, halafu hospitali. Upande wa Ruvula kina huongezeka ghafla hatua chache kutoka ufukweni, kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki maji ya kiunoni. Msikate wala kubeba matumbawe au makombe makubwa. Hiyo ni hifadhi na mtasimamishwa mkitoka.

Jambo jingine linalowagharimu watu: Msumbiji iko ng'ambo ya mto, na simu huweza kunasa mtandao wa huko. Zimeni huduma ya kutumia mitandao ya nje kabla ya kufika. Na msielekee kandokando ya Ruvuma bila kuuliza uongozi wa kijiji.

Pweza wa nazi, mpike wenyewe

Tunaweka hili hapa makusudi. Chakula cha kwanza ambacho maharusi wanapika pamoja kiwe pweza, na Msimbati anapatikana akiwa bado anabadilika rangi. Vijiji vingine vya pwani hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mkiambiwa mwamba umefungwa, nunueni samaki na msimshawishi mtu avunje.

Chagueni pweza wa kilo moja na nusu. Akiiva atabaki kama nusu, na hapo ndipo wengi hushangaa na kudhani wameibiwa. Geuzeni kichwa nje ndani kama soksi, toeni matumbo na kifuko cha wino, bonyezeni mdomo mgumu ulio katikati ya mikono utoke. Sugueni kwa chumvi ya mawe na maji mpaka utelezi uishe, kisha mpigeni kwenye jiwe safi. Asiyepigwa huwa mpira.

Mwekeni sufuriani mzima, bila maji, kwa moto mdogo, mfuniko umebana. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu. Mwacheni dakika 45 hadi saa nzima. Kisu kikiingia penye unene wa mkono bila kugoma, ameiva. Kumjaza maji toka mwanzo ndiko kunakomfanya apoe ladha. Chumvi iwekwe mwisho, maana yale maji yake tayari yana chumvi ya bahari. Kipande cha papai bichi sufuriani husaidia akiwa mkubwa.

Kuneni nazi mbili. Tui zito la kwanza, kikombe kimoja, liwekeni pembeni. La pili na la tatu changanyeni, vikombe vitatu hivi. Kaangeni vitunguu viwili kwa mafuta kidogo, wekeni thomu punje nne na tangawizi iliyopondwa, bizari nusu kijiko cha chai, nyanya tatu. Zikishaiva wekeni pweza aliyekatwa vipande na tui jepesi, lichemke dakika 15. Mwisho tui zito, na hapo mtu asimame akikoroga mfululizo mpaka lichemke mara ya kwanza. Likiachwa bila kukorogwa linakatika, mafuta juu na maji chini, na halirudi. Ndimu ikamuliwe sufuria ikishatoka motoni. Pweza aliwe kwa wali, au kwa ugali wa muhogo ambao ndio wetu.

Siku ya nne: Lindi

Mtwara hadi Lindi ni kilomita 100 na ushee, saa mbili. Njiani mkiona akina mama wenye masufuria ya ming'oko iliyochemshwa, simameni mnunue fungu. Ni kiazi cha porini, chembamba, utamu wake wa taratibu. Huliwa na chumvi na pilipili ya ndimu, na ukiondoka kusini huwezi kukipata kirahisi.

Lindi ni mji wa kupumzika. Jioni kaeni mbele ya ghuba, vukeni kwa pantoni kwenda Kitunda mtembee chini ya minazi, mrudi kabla giza halijaingia. Mtasikia habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kale. Ni kweli: Wajerumani walichimba mifupa hapo mwaka 1909 hadi 1913, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, na mjusi aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ana urefu wa mita 13 kwenda juu. Kwenda kwenye kilima chenyewe siku za fungate hatushauri. Njia ni ngumu, na mifupa mikubwa iko Berlin.

Wanaopenda milima kuliko bahari waiache Lindi na waelekee Newala kupitia Tandahimba. Pale ukingoni, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi ya Makonde inakatika na bonde la Ruvuma linaonekana mpaka upeo wa macho. Bebeni sweta. Ila mkifanya hivyo Kilwa haiingii ndani ya siku saba.

Siku ya tano na ya sita: Kilwa

Kutoka Lindi pandeni basi la Dar es Salaam, mshuke Nangurukuru, kisha mchukue gari dogo kwenda Kilwa Masoko. Mwambieni kondakta kabla ya kupanda kwamba mnashuka Nangurukuru na mzigo ukae pembeni. Begi likizikwa chini ya magunia mtasubiri basi zima lipakuliwe. Kuna Kilwa tatu na watu huzichanganya: Masoko ndipo pa kulala na pa kuvukia, Kisiwani ndipo penye magofu, Kivinje ni mji mkongwe wa karne ya 19.

Jioni ya siku ya tano fanyeni mambo mawili. Kwanza, pateni kibali cha kuingia Kisiwani na mwongoza wageni anayetambulika. Bila kibali nahodha makini hatawavusha. Pili, patana na nahodha. Bei iwe ya chombo kizima, kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri saa nne. Lipeni nusu, nusu nyingine mkirudi Masoko. Ombeni kuona majaketi ya kuokolea yakiwa ndani ya chombo, siyo kuahidiwa. "Yapo nyumbani" maana yake hayapo.

Vukeni saa mbili asubuhi maji yamejaa. Mashua ya tanga huchukua nusu saa au zaidi kufuatana na upepo, ya mashine dakika chache. Mkichelewa mpaka adhuhuri, kusi au matlai (upepo wa mashariki) huwa vimeamka na maji yanapwa, na mtashuka kwenye tope la magotini. Rudini ifikapo saa sita.

Mkishuka mtalikuta Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, na jengo mnaloliona sehemu kubwa ni la Waomani. Msipoteze muda wote hapo. Nendeni Msikiti Mkuu, asili yake karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Simameni chini ya kuba mtazame juu. Kisha tembeeni kwenda Husuni Kubwa, kasri juu ya ukingo wa bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Hiyo ndiyo nyumba ya sultani wa mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala na kuchapa sarafu zake wenyewe. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, ikautia kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na ukatolewa huko mwaka 2014 baada ya kuta kuimarishwa. Kwa hiyo msipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Chokaa ya miaka 700 haishikiki ikishavunjika.

Kisiwani ni kijiji cha watu pia. Salimieni, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, nunueni madafu na mkeka kwa wenyeji. Songo Mnara ni mbali zaidi na inahitaji siku nzima na kutembea kwenye mikoko. Iachieni safari nyingine.

Vitu vya kurudi navyo nyumbani

Fedha za zawadi zitumieni kuanzia nyumba. Mkeka wa ukindu: ukunjeni mara mbili, usiovunjika nyuzi kwenye kunjo umesukwa vizuri. Mbuzi ya kukunia nazi: kaeni juu yake dukani. Inayoyumba itawakata vidole.

Korosho. Jina W320 maana yake ni punje nzima nyeupe 300 hadi 320 kwa ratili, yaani kama 660 hadi 700 kwa kilo. W240 ni kubwa zaidi na bei juu. Vunjeni moja: ikikatika kwa mlio ni kavu, ikipinda ina unyevu na itaota ukungu ndani ya mwezi. Inayonuka kama rangi ya ukuta imechacha. Hifadhini kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko. Na msinunue korosho ghafi za ganda mkidhani mtakaanga wenyewe. Mafuta ya lile ganda huunguza ngozi na moshi wake huumiza macho.

Kinyago cha mpingo kijaribiwe kwa maji: mpingo wa kweli huzama. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu huelea. Kama muuzaji hataki kukiloweka, lowesheni kitambaa cheupe msugue chini ya kitako. Kikitoka cheusi, acheni. Michirizi ya rangi ya krimu pembeni siyo kasoro, ni ganda la ndani la mti wenyewe. Kinyago kisikae juani wala mbele ya feni kwa miezi ya kwanza, kitapasuka. Kipakeni mafuta kidogo ya nazi kila baada ya muda.

Siku ya saba

Asubuhi piteni Kilwa Kivinje kwa saa mbili: nyumba za zamani, pwani ya wavuvi, na kumbukumbu ya wapiganaji wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani. Vita hivyo vilianzia mwaka 1905 kwenye vilima vya Matumbi, hapa hapa Kilwa. Halafu nendeni Nangurukuru. Mabasi yaliyotoka Dar es Salaam alfajiri huanza kupita hapo mnamo saa nne hadi saa tano. Pigeni simu ofisi ya basi jana yake wawawekee viti viwili, kwa sababu mengi huja yamejaa. Kaeni upande wa kushoto, jua la alasiri litakuwa kulia. Na mkishuka, kabla ya kufungua mabegi, pitieni kwa mjomba na fungu lake la korosho.